ROBERT KOCH: DAKTARI ALIYETUONYESHA KUWA MAJI YA BOMBA HAYAPIMWI KWA MACHO

Leo siasa na soka naziweka pembeni kidogo. Nataka tumwongelee marehemu mmoja, Mjerumani, kafariki zamani kweli, mwaka 1910. Ila kila ukifungua bomba asubuhi, kazi yake ipo pale.

Kwa nini yeye? Mvua za mwaka juzi mdogo wangu wa kike alilazwa na homa ya matumbo, hii tunayoiita taifodi, wakati anajiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Nyumbani tulikuwa hatuchemshi maji, na mbishi mkubwa nilikuwa mimi. Namwambia mama maji ya Mbeya yanatoka mlimani, ya baridi, yanang'aa kwenye glasi, sasa tuunguze mkaa wa nini? Simnyooshei mtu kidole, maana taifodi unaweza kuipata hata kwenye chakula cha barabarani. Lakini siku ile wodini niliona aibu ile mbaya. Alipopona nikaanza kusoma, na kila nilikogusa nakutana na jina moja: Robert Koch.

Jamaa alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 Clausthal, mji wa migodi huko Ujerumani, kwenye familia ya watoto 13. Akasomea udaktari Göttingen, akamaliza 1866. Msidhani alianza na maabara kubwa. Alikuwa daktari wa wilaya tu kwenye kamji kanakoitwa Wollstein, ambako siku hizi ni Poland. Wagonjwa akiwamaliza, anaingia kwenye kachumba kake na hadubini, anachungulia damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 akaonyesha wazi kuwa kimeta kinaletwa na bakteria fulani. Machi 1882, akiwa Berlin, akatangaza bakteria wa kifua kikuu. Dunia nzima ikamjua.

Sasa tuje kwenye maji. Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, Koch akatumwa Alexandria na wenzake. Wafaransa nao walipeleka timu yao, na kijana wao mmoja, Louis Thuillier, akafia huko huko kwa ugonjwa waliokuja kuutafuta. Mlipuko ulipopoa Misri, Koch hakurudi nyumbani, akasonga mbele hadi Calcutta, India. Pale akampata bakteria aliyepinda kama alama ya mkato. Alimkuta kwa wagonjwa, na akamkuta pia kwenye bwawa ambalo watu walikuwa wanaoga, wanafua na kunywa humo humo. Tuwe wakweli, Mwitaliano Filippo Pacini alishamwona bakteria huyo mwaka 1854, ila hakusikilizwa.

Hata Koch hakueleweka mara moja. Msomi mkubwa wa Munich, Max von Pettenkofer, alishikilia kuwa bakteria peke yake haleti mlipuko, lazima na udongo wa mahali uchangie. Oktoba 1892 mzee huyo, umri zaidi ya miaka 70, akanywa bakteria wa kipindupindu mwenyewe kwa hiari yake! Akaharisha kidogo, akapona. Akajiona kashinda.

Lakini mwaka huo huo Hamburg ilikuwa imeshatoa jibu lake. Mji ule ulikuwa na mabomba mengi tu, lakini maji yake yalitoka mto Elbe na kuingia majumbani bila kuchujwa. Pembeni yake kulikuwa na mji wa Altona, nyumba zimeshikana, mahali pengine mpaka ulikuwa mtaa tu. Altona wao walichota mto huo huo, tena upande wa chini, baada ya majitaka ya Hamburg kumwagwa humo. Tofauti ni kwamba waliyapitisha kwanza kwenye vichujio vya mchanga. Kipindupindu kilipoingia Agosti 1892, Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona kiliwagusa kidogo mno ukilinganisha. Kwenye mitaa ya mpakani, upande wa Hamburg watu wanaugua, upande wa pili wazima. Hewa moja, udongo mmoja, mto mmoja.

Koch alitumwa kule na serikali, akayaona. Ndipo akasisitiza jambo ambalo mimi nilikuwa silijui: kuchuja peke yake hakutoshi, lazima upime. Unachukua tone la maji, unaliotesha kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, halafu unahesabu vimeota vidoa vingapi. Akapendekeza maji yaliyochujwa yasizidi bakteria 100 kwa kila mililita moja. Kabla yake watu waliyaamini maji kwa rangi, harufu na ladha, kama nilivyokuwa nafanya mimi.

Huku kwetu alifika pia. Alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akarudi tena 1905 akachunguza homa ya papasi, wale wadudu waliokuwa wanawauma wasafiri wa misafara. Mwaka huo huo wa 1905 vita ya Maji Maji ililipuka, ikafika Songea hadi Ubena, jirani zetu kabisa. Na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu.

Msimfanye malaika lakini. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, ikashindwa vibaya. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, anatibu malale kwa dawa ya atoksili. Akaongeza dozi, baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Walikuwa Waafrika waliomwamini, na hilo halifutiki kwa tuzo yoyote. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Sasa sisi. Iringa wanakunywa Mto Ruaha Mdogo, unaosafishwa pale Ndiuka. Mbeya tunategemea chemchemi na vijito vya milimani. Mvua ikinyesha inashuka na tope, na kinyesi cha ng'ombe na cha watu. Halafu kuna hili la mgao: maji yakikatika bomba linabaki tupu, kama lina ufa basi maji ya mtaroni yanapenya ndani, na yakirudi tu anayefungua wa kwanza anayapata. Ndiyo maana klorini inatakiwa ibaki kidogo kwenye maji mpaka yanapofika kwako. Kiwango cha taifa kinataka bakteria wa kinyesi, yule E. coli, asionekane hata mmoja kwenye mililita 100. Hilo jicho lako haliwezi kuliona hata uinue glasi juani.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenzangu ni dogo. Tukikutana na viongozi wa mtaa au watu wa maji, tusiishie kuuliza maji yatatoka lini. Tuulize pia yalipimwa lini, bombani au kwenye tangi tu, na majibu yalikuwa ngapi. Ni haki ya mtu anayelipa bili.

Mdogo wangu alipona, mtihani alifanya, na alifaulu. Nyumbani sufuria la kuchemshia maji sasa ni zamu yangu kila jioni, na mama bado hajaacha kunicheka.

Nawasilisha. Wa Iringa, Uyole, Mafinga, Tukuyu, huko kwenu maji mara ya mwisho mliambiwa yalipimwa lini?