Sultani Barghash na maji ya moto ya Hamamni

Anayeshuka kutoka Kamembe kwenda Bugarama huanza kuvua koti njiani. Baridi ya juu inabaki nyuma, mashamba ya mpunga yanatokea, na joto la bonde la Rusizi linampokea kama pumzi ya jikoni. Huko chini ndiko ziliko chemchemi za maji ya moto ambazo Wanyarwanda huziita amashyuza. Kwa miaka mingi watu wa pande zote tatu za mpaka huu, Rwanda, Burundi na Kongo, wamezijua. Mwenye maumivu ya viungo alikwenda kujitumbukiza, na mchuuzi aliyebeba mzigo wiki nzima alikwenda kunyoosha mgongo. Hakuna aliyenunua kuni wala kulipia umeme, kwa kuwa ardhi yenyewe ilichemsha.

Mwaka 1888 mtu mmoja tajiri kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki alipanda meli akiwa mgonjwa, akavuka bahari hadi Oman, akitafuta nafuu katika chemchemi za namna hiyo hiyo. Nyumbani alikuwa na hamamu zake za kifahari, zilizojengwa kwa mawe, chokaa na marumaru, na watumishi wa kuchochea moto usiku na mchana. Hazikumtosha. Mtu huyo ni Sayyid Barghash bin Said, sultani wa pili wa Zanzibar baada ya kutengana na Oman.

Alizaliwa Unguja mnamo 1837, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kihabeshi. Baba yake ndiye aliyeifanya Unguja kuwa makao, akapanda mikarafuu, akafungua njia kwa wafanyabiashara wa Kimarekani, Waingereza na Wahindi. Barghash alikuwa kijana mdogo wakati baba yake alipojenga hamamu ya Kidichi, mwaka 1850, juu ya kilima kaskazini ya mji. Ilikuwa zawadi kwa mke wa Kiajemi, mjukuu wa mfalme Fath Ali Shah, ambaye hakuzoea kuoga kwa kata na mtungi. Mafundi walinakshi kuta zake kwa lipu ya maua na ndege. Kwa hiyo, kabla Barghash hajatawala chochote, alikuwa ameshaona kwamba kuoga kwa maji ya moto ni jambo ambalo mtu anaweza kulijengea nyumba nzima.

Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Oman. Barghash alikuwa katika meli hiyo. Ilipofika Unguja aliuzika mwili wa baba yake usiku, kwa siri, akajaribu kuushika mji kabla ndugu yake Majid hajajua. Alishindwa. Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii kwa vita, akisaidiwa na dada zake. Mmoja wao, Salme, alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano hivi, naye ndiye aliyewaandikia barua waasi, kwa kuwa alijua kuandika. Waingereza wakaingilia upande wa Majid, ngome ya Barghash shambani ikapigwa mizinga, naye akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapo ndipo mimi naona maisha yake yalipogeuka, ingawa wengi hupapita haraka. Bombay alikaa miaka miwili, na katika muda huo, mwaka 1860, mji ule ulikamilisha mradi wa maji wa Vihar. Maji ya ziwa lililojengwa kwa mikono yakaanza kuteremka kwa mabomba hadi mitaani. Mwanamfalme aliyefukuzwa kwao, asiye na kazi ya kufanya, alikuwa na muda wa kutosha wa kutazama. Mambo mengi aliyoyafanya baadaye Unguja yana harufu ya Bombay.

Alirudi, akanyamaza miaka tisa, na Oktoba 1870 Majid alipofariki akakalia kiti.

Mji aliourithi ulikuwa umetoka kuzika. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu, na daktari James Christie, aliyekuwapo, alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya biashara kutoka bara hadi pwani. Watu wa mjini walichota maji visimani, na visima vilikuwa jirani na vyoo na makaburi. Sisi wa kando ya Kivu hatuhitaji kuelezwa maana yake; kipindupindu kikizuka upande mmoja wa mto, upande wa pili huanza kupima wachuuzi darajani na biashara hudorora.

Kisha, Aprili 1872, kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtumia Sir Bartle Frere, na baadaye balozi John Kirk akamweka kwenye kona: atie sahihi au bandari yake izingirwe na manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Tuseme wazi: hakufanya hivyo kwa hiari. Utajiri wa ukoo wake ulitokana na jasho la watumwa mashambani na migongo ya waliobeba pembe za ndovu kutoka Manyema na Maziwa Makuu, na hata hamamu tunazozisimulia hapa zilijengwa katika mji huo huo.

Fedha zilizobaki zilitoka forodhani, na hapa mfanyabiashara wa mpakani atapendezwa. Bidhaa za kigeni zilizoingia Unguja zilitozwa asilimia 5, basi, kiwango kilichowekwa na mikataba tangu enzi za baba yake. Sultani hakukusanya mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, ambaye alilipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, na cha ziada kilikuwa chake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji. Mwaka 1876 ikaenda kwa Tharia Topan. Mwenye mzigo alijua anachodaiwa kabla hajapakia chomboni, jambo ambalo mchuuzi wa nyanya anayevuka daraja la Rusizi leo angelionea wivu.

Kwa fedha hizo Barghash alinunua meli za mvuke zilizokwenda Bombay na kurudi. Alileta mtambo wa kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1875 alizuru Uingereza akapokewa na Malkia Victoria, na mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, jumba ambalo bado watu husimama mbele yake wakitazama juu. Lakini kazi iliyogusa watu wengi zaidi haikuwa jumba. Alivuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu kwa mifereji na mabomba hadi mjini, na wananchi wakayachota bila malipo. Baada ya kile kipindupindu, hilo lilikuwa jambo la uhai na kifo.

Maji yakishafika, hamamu inawezekana. Fundi wake alikuwa Haji Gulamhussein, naye aliijenga katikati ya mji, katika mtaa ambao ukachukua jina lake: Hamamni, yaani penye hamamu. Tofauti na Kidichi, hii haikuwa ya mke wa mfalme. Ilikuwa ya umma. Mtu alilipa, akavua nguo katika chumba cha mbele, akapita katika chumba cha uvuguvugu, kisha cha joto, akatokwa jasho, akasuguliwa, akaingia birikani, akamalizia kwa maji baridi. Kulikuwa na mahali pa kunyolewa. Moto uliwashwa nje ya vyumba, na joto likapita chini ya sakafu kwa njia zilizojengwa humo, ili anayeoga asione moshi. Milango ilikuwa myembamba ili mvuke usikimbie. Mapato yake yaliwekwa katika wakfu.

Mpango huo wa fedha ndio ninaoustahi zaidi. Siku hizi mtu akifanikiwa Kamembe au Bukavu hujenga, na akishajenga hutaka beseni kubwa la maji ya moto lenye pampu ya kuchezesha maji, kama aliloliona hotelini. Analinunua, linapita forodhani, linafungwa. Miezi michache baadaye utando mweupe unaanza kuziba matundu, hasa kama maji yenyewe yametoka kwenye mawe ya chokaa. Hita inakula umeme kuliko nyumba nzima. Maji yakikaa bila klorini yanateleza na kunuka. Yakibadilishwa kila siku, ni lita mamia zinazomwagwa huku jirani akingoja bombani. Nimeona beseni la namna hiyo, nyumbani kwa mtu ninayemheshimu, limejaa mahindi makavu. Alipiga hesabu ya kununua tu. Barghash, pamoja na makosa yake yote, alijua kwamba hamamu ni tanuri linalodai kuni kila asubuhi, lipu ya chokaa inayodai kukarabatiwa, na watu wa kudai mshahara, kwa hiyo akaifanya ilipiwe na wengi.

Zile za peke yake zilikuwa na mwisho mwingine. Mwaka 1882 alijenga jumba la Maruhubi, kaskazini ya mji, ambalo husemwa lilikaliwa na mke mmoja na masuria 99, nalo lilikuwa na hamamu ya Kiajemi. Liliteketea kwa moto mwaka 1899, na marumaru yake yakaibwa. Zimebaki nguzo.

Wakati huo dola ilikuwa inamponyoka. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya sahihi za machifu, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazitambua. Barghash alipopinga, Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Katika msafara huo alikuwamo dada yake Salme, yule mwandishi wa barua za 1859, ambaye baadaye alitoroka, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani, akawa mjane Ulaya. Alikuja kudai urithi. Barghash hakukubali kumwona. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakaa na kumpimia nchi yake: visiwa, na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda ndani. Mwaka uliofuata Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Manyema aliyekuwa akihesabiwa mtu wa Sultani, alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold kule Stanley Falls. Huku kwetu Kinyaga, ambako ndiko Cyangugu ya zamani, Kigeli wa Nne Rwabugiri alikuwa bado anatawala, na misafara ya pwani ilikuwa haijaruhusiwa kuzoea njia za Rwanda. Kiswahili tunachouziana nacho leo kwenye daraja kilipitia kwanza upande wa Ujiji na Kongo.

Barghash alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi na mwili ulikuwa umechoka. Alikuwa amejenga jumba jingine Chukwani, kusini ya mji, kwa ajili ya kupumzika na kupata hewa ya bahari. Halikumsaidia. Mwanzoni mwa 1888 akaamua kwenda Oman, nchi ya wazee wake, kwenye chemchemi za moto ambazo watu wa huko wamezitumia kwa maradhi tangu zamani. Alioga. Hakupona. Machi akapanda meli kurudi, nayo ikamfikisha Unguja akiwa hoi. Alifariki saa chache baada ya kufika, akarithiwa na ndugu yake Khalifa.

Maruhubi ilidumu miaka kumi na moja tu baada yake. Hamamni, iliyokuwa ikilipiwa mlangoni, iliendelea kuwashwa moto hadi miaka ya 1920. Leo sakafu yake ni kavu na mgeni hulipa kuiona tu.