Edwina Booth wa Sinema ya Trader Horn

Hapa Njiru nani hamjui Tarzan? Lakini Edwina Booth je? Mama huyu alizaliwa mwaka 1904 huko Utah, Marekani. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimleta Afrika Mashariki kuigiza katika Trader Horn. Aliigiza mzungu anayeabudiwa na Waafrika msituni. Uongo mtupu, kusema kweli. Lakini taabu aliyoipata haikuwa ya kuigiza. Miezi kadhaa, kutoka Kenya hadi maporomoko ya Murchison kule Uganda, nguo chache mwilini, jua linamchoma, mbu nao hawana huruma. Akashikwa na malaria, na aliporudi kwao aliugua miaka mingi.

Sinema ilitoka mwaka 1931 ikavuma sana. Yeye akaishtaki MGM akidai zaidi ya dola milioni 1, wakamalizana nje ya korti. Picha zilizobaki hazikutupwa, zikatiwa ndani ya Tarzan ya mwaka 1932!

Booth akaacha uigizaji. Watu wakavumisha kwamba amekufa. Kumbe bado yu hai huko California, na alifariki mwaka 1991, akiwa na miaka 86.