Moïse Tshombe: mtoto wa misheni aliyeitenga Katanga

Wazee wetu wangali wanalitaja jina la Moïse Tshombe, wengine kwa sifa, wengine kwa machungu. Vijana wengi wanalijua jina tu. Tutazame maisha yake, maana alikuwa mtu wa kanisa kama sisi.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 kule Musumba, katika ukoo wa wakubwa wa Walunda. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri. Tshombe alisomeshwa na wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani, akaoa binti wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Biashara aliyorithi haikumwendea vizuri. Siasa ndiyo iliyompa jina, alipokuwa kiongozi wa chama cha CONAKAT.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, waaskari wakiwa wameasi, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Ikawa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, franka zake na jeshi lake. Waaskari Wabelgiji walimsaidia, na kampuni ya Union Minière ilimlipa kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Lakini hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua nchi hiyo.

Gharama ilikuwa damu. Kaskazini mwa Katanga Waluba wengi walikataa kujitenga, na vijiji vyao vilichomwa moto. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakiwa wamefungwa. Usiku uleule walipigwa risasi mbele ya wakubwa wa Katanga. Serikali ya Tshombe ilitangaza kwamba walitoroka wakauawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo. Mwezi wa Septemba Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akienda kuonana na Tshombe ili vita visimame. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliimaliza Katanga.

Tshombe alikimbilia ugenini. Julai 1964 aliitwa arudi, akawa waziri mkuu wa Kongo yote. Yeye aliyeigawanya nchi alipewa kazi ya kuiunganisha, akapigana na waasi wa Simba kwa kutumia mamluki tena. Oktoba 1965 rais Kasa-Vubu alimwondoa, na mwezi uliofuata Mobutu akatwaa utawala. Tshombe akarudi Hispania. Tarehe 30 Juni 1967, siku ya uhuru wa Kongo, ndege aliyopanda ilitekwa ikapelekwa Algeria. Alifia kizuizini tarehe 29 Juni 1969, akiwa na miaka 49, akazikwa Ubelgiji.

Waliompa pesa na bunduki hawakumpa hata barua ya kuitambua nchi yake, na siku ya kufungwa hawakumtoa.

Misheni ilimfundisha kusoma na kuomba. Lakini alipopata nguvu, Mluba wa kaskazini hakuwa tena jirani yake. Hapo mimi mchungaji najiuliza tunachofundisha siku ya Bwana. Huku mashariki pia tunasikia sauti zinazosema kwamba jirani wa kabila lingine ndiye taabu yetu, na kwamba madini na bunduki vitatupa amani. Wazazi, wasimulieni watoto habari za Katanga, wajue njia ile ilimfikisha nani wapi.