J.L.B. Smith: Mkemia aliyemtambua silikanti, kisha akateleza

JINA la James Leonard Brierley Smith halitengani na silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita.

Smith alizaliwa Septemba 26, 1897, mjini Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi huku Afrika Mashariki, akarejea kwao afya yake ikiwa imedhoofishwa na malaria. Alipata shahada ya uzamivu ya kemia Cambridge mwaka 1922, akafundisha somo hilo katika chuo cha Rhodes, Grahamstown. Samaki walikuwa shughuli yake ya pembeni.

Desemba 22, 1938, Nahodha Hendrik Goosen alifikisha katika bandari ya East London samaki wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 57. Msimamizi wa makumbusho ya mji huo, Marjorie Courtenay-Latimer, hakumtambua. Mwenyekiti wa bodi yake alimwona kuwa ni chewa tu. Marjorie hakuridhika, alimchora samaki huyo na kuupeleka mchoro kwa Smith kwa njia ya posta.

Barua ilimfikia Smith Januari 3, 1939, akiwa likizoni Knysna. Mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama mithili ya miguu, magamba magumu na mkia wa aina ya pekee vilimkumbusha visukuku vya kale. Lakini joto lilikuwa limekwisha kumwozesha samaki, na viungo vya ndani vilikuwa vimetupwa. Mkemia atangaze kwa mchoro tu kwamba kiumbe wa enzi za madinosaria yu hai? Kama angekosea, jina lake lingekuwa kichekesho.

Alisita kwa zaidi ya wiki sita, hadi Februari 16 alipomwona kwa macho yake. Akamwita Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie na ya mto Chalumna, ambao samaki alinaswa karibu na mlango wake.

Smith alimsaka silikanti wa pili kwa miaka 14, akisambaza vipeperushi vya zawadi ya pauni 100. Alipatikana Desemba 1952 katika kisiwa cha Anjouan, Visiwa vya Ngazija, ambako wavuvi walimjua siku zote kwa jina la gombessa. Waziri Mkuu D.F. Malan alitoa ndege ya kijeshi kumfuata.

Hapo ndipo bingwa alipoteleza. Samaki huyo hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni, naye Smith akaamua kwamba ni jenasi nyingine kabisa, akaiita Malania kwa heshima ya Waziri Mkuu. Samaki waliovuliwa baadaye walithibitisha kwamba ni yule yule wa mwanzo. Pezi lilikosekana kwa sababu ya jeraha la zamani. Jina la Malan likafutwa.

Smith alifariki Januari 1968. Mwaka 1999 wataalamu walimpa silikanti wa Indonesia jina la spishi ya pili. Huyo ana mapezi yake yote, na kwa umbo hatofautiani sana na wa Chalumna. Tofauti yao kubwa ilionekana katika vinasaba.