Billy Meredith: Winga aliyekataa bei ya pauni nne

Agosti 1909, siku chache kabla ya msimu mpya wa ligi ya England kuanza, wachezaji wa Manchester United walikuwa wakijifua katika kiwanja kisicho chao, mtaa wa Fallowfield jijini Manchester. Miezi minne tu nyuma walikuwa wametwaa Kombe la FA. Sasa klabu yao imewasimamisha, mshahara umekatwa na hakuna aliyejua kama msimu utaanza. Walipiga picha wakiwa na ubao unaowatambulisha kama timu ya waliotengwa.

Kati yao alikuwamo winga mwembamba wa miaka 35, miguu imepinda kidogo, kijiti cha meno mdomoni kama kawaida yake. Huyo ni William Meredith, maarufu kama Billy, nyota mkubwa wa kandanda wa zama zile. Kosa lake na wenzake lilikuwa moja: walikataa kujitoa katika chama chao cha wafanyakazi.

Mtoto wa mpakani

Meredith alizaliwa Julai 30, 1874, Black Park, karibu na mji mdogo wa Chirk. Chirk iko Wales, lakini hatua chache tu uko England. Watu wa pale walivuka kwenda na kurudi kutafuta riziki, kama wanavyofanya wakazi wa Namanga, Busia au Mutukula leo.

Riziki ya nyumbani ilikuwa makaa ya mawe. Akiwa na miaka 12 tu, Billy aliingia mgodini kuwaongoza farasi wanaovuta mabehewa chini ya ardhi. Jioni na mwisho wa wiki alicheza mpira. Aliichezea Chirk, akavuka mpaka kwenda Northwich Victoria, na mwaka 1894 Manchester City ikamfuata.

Familia yake haikufurahia. Mpira ulionekana mchezo mzuri kwa afya, ila si kazi ya kumtegemea mtu. Kwa hiyo mwanzoni aliendelea na mgodi huku akipanda treni kwenda kucheza. Mwaka uliofuata akaacha makaa na kuwa mchezaji wa kulipwa moja kwa moja. Kazi ya kuuza kipaji chake ng'ambo ya mpaka ikaanza rasmi.

Bei iliyopangwa na wanunuzi

Soko aliloingia lilikuwa na sheria mbili ngumu. Ya kwanza ilihusu usajili. Tangu 1893 mchezaji wa ligi alisajiliwa na klabu moja na hakuweza kuhama bila idhini yake. Mkataba wa kawaida ulikuwa wa mwaka mmoja, lakini ulipokwisha, usajili ulibaki kwenye kabati la klabu. Klabu ingeweza kumweka mtu kwenye orodha ya wanaobakizwa, na kama hakubali masharti, asicheze kwingine ndani ya ligi. Mkataba ulikwisha kwa mchezaji, haukwisha kwa mwajiri.

Sheria ya pili ilikuja msimu wa 1901. Chama cha soka cha England, FA, kiliweka kikomo cha mshahara: hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, na bonasi za ushindi zikapigwa marufuku. Pauni 4 zilikuwa fedha nzuri, takriban mara mbili ya kipato cha fundi stadi wa kiwandani, na wachezaji wengi hata hawakuzifikia. Lakini kwa mtu aliyejaza viwanja kila Jumamosi, hesabu haikukaa sawa. Mapato ya mlangoni hayakuwa na kikomo, mwenye kuyaleta ndiye aliyewekewa.

Waliotetea kikomo nao walikuwa na hoja. Bila kikomo, walisema, klabu chache tajiri zingenunua wachezaji wote na ndogo zingekufa. Hoja hiyo ingali hai hadi leo. Tatizo ni kwamba baadhi ya klabu zilikikubali kikomo mchana na kukivunja usiku.

Fedha isiyo na daftari

Manchester City ilikuwa mojawapo. Aprili 1904 Meredith, akiwa nahodha, alifunga bao pekee katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Bolton Wanderers. Lilikuwa taji kubwa la kwanza la klabu hiyo. Baadaye alieleza kwamba tangu 1902 alikuwa akilipwa pauni 6 kwa wiki, mbili zaidi ya sheria, mbali na bonasi.

Kila mtu alinufaika, hadi mambo yalipoharibika. Aprili 1905, mechi ya mwisho ya msimu, City ilipoteza 3-2 dhidi ya Aston Villa. Meredith akashtakiwa kwamba alimwahidi nahodha wa Villa, Alec Leake, pauni 10 ili Villa iachie mchezo. FA ilimkuta na hatia na kumfungia hadi mwisho wa msimu uliofuata.

Meredith kwanza alikana. Alipoona klabu imemwacha bila mshahara, aliibana imlipe. City, ambayo sasa ilikuwa ikimulikwa na FA, haikuthubutu kutoa fedha kwa mtu aliyefungiwa. Na Meredith angedai kwa karatasi gani? Ziada yote aliyokuwa akipewa haikuandikwa popote. Wafanyabiashara wana msemo wa kale kuhusu hilo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapo ndipo alipomwaga kila kitu. Alidai kuwa meneja, Tom Maley, ndiye aliyemtuma kwa Leake, jambo ambalo Maley alilikanusha. Alifichua pia malipo ya chini ya meza. Uchunguzi wa FA mwaka 1906 ukaivunja City: wachezaji 17 wakafungiwa hadi Januari 1, 1907 na kuzuiwa kuichezea tena klabu hiyo, meneja na mwenyekiti wakafungiwa kujihusisha na mpira, na klabu ikapigwa faini.

Hakuna namna ya kulisafisha jina la Meredith katika mkasa huu. Alikubali fedha haramu alipokuwa anazipata, na alisema ukweli pale tu zilipokatika. Lakini mkasa huo ulimfundisha kwamba mchezaji mmoja mbele ya klabu na FA hana nguvu, hata awe nyota wa namna gani.

Chama chazaliwa

Manchester United, wakati huo klabu isiyo na taji la ligi, ilimsajili pamoja na wenzake watatu wa City: Sandy Turnbull, Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Siku ya kwanza ya 1907, kifungo kilipokwisha, walicheza dhidi ya Aston Villa ileile na kushinda 1-0 kwa bao la Turnbull. Mwaka 1908 United ikawa bingwa wa ligi kwa mara ya kwanza.

Katikati ya furaha hiyo palitokea msiba. Aprili 1907, beki wa United Tommy Blackstock alianguka baada ya kupiga mpira kwa kichwa katika mechi ya timu ya akiba, akafariki. Familia yake haikupata fidia. Klabu ilikuwa imefuata sheria zote zilizokuwapo, na sheria hizo hazikumtambua mchezaji kama mfanyakazi anayeweza kuumia kazini.

Desemba 2, 1907, wachezaji walikutana katika Hoteli ya Imperial, Manchester. Meredith alikuwa mwenyekiti wa kikao. Chama cha kwanza cha wachezaji, kilichoundwa 1898, kilikuwa kimekwisha kufa. Kipya kilikuja na madai matatu ya wazi: kikomo cha mshahara kiondoke, mchezaji awe huru kuhama, na anayeumia au kufa kazini alipwe fidia.

FA ilikivumilia kwa muda. Mwaka 1909, chama kilipotaka kujiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kupeleka madai ya fidia mahakamani, uvumilivu ukaisha. Wachezaji wote wakaamriwa kujitoa kabla ya Julai, la sivyo usajili wao ufutwe. Sehemu kubwa ya nchi ilitii; mtu mwenye familia hawezi kula msimamo. Wachezaji wa United, wakiongozwa na Charlie Roberts na Meredith, wakakataa. Tim Coleman wa Everton akasimama nao.

Kwa Meredith gharama ilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa na duka la vifaa vya michezo mjini Manchester, akiba yake ya uzeeni. Mwaka huohuo duka liliungua moto na kumwacha na madeni. Alikuwa na mke, watoto, deni na hana mshahara, na bado hakusaini karatasi ya kujitoa.

Mgomo ulipoonekana utaenea nchi nzima, FA ililegea. Mwisho wa Agosti, usiku wa kuamkia msimu, pande mbili zilikubaliana. Chama kilitambuliwa, kwa masharti ya kukaa mbali na shirikisho la wafanyakazi. Bonasi ziliruhusiwa. Mwaka 1910 kikomo kilipanda kwa ngazi hadi pauni 5 kwa waliokaa miaka kadhaa katika klabu.

Kikomo chenyewe kilibaki, na usajili ulibaki kabatini. Mwaka 1912 chama kilijaribu mahakama kwa kumsaidia Herbert Kingaby dhidi ya Aston Villa, klabu iliyomwekea ada ya uhamisho ambayo hakuna mnunuzi aliyeitaka. Kikashindwa, na gharama za kesi nusura zikizike.

Mzee uwanjani

Meredith aliendelea kucheza. Aliichezea Wales mara 48, na zingekuwa nyingi zaidi kama klabu zake za England zisingemzuia mara kwa mara. Mechi ya mwisho ya taifa, mwaka 1920, akiwa na miaka 45, Wales iliifunga England 2-1 mjini London. Kwa miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuionja furaha hiyo katika ardhi ya England.

Mwaka 1921 aliondoka United na kurudi City. Machi 1924 alicheza nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle akiwa na miaka 49, timu moja na Charlie Pringle, aliyekuja kuwa mkwewe. Kisha akaendesha baa. Alifariki Aprili 19, 1958. Kikomo cha mshahara wakati huo kilikuwa bado kinafanya kazi. Alizikwa Manchester katika kaburi lisilo na alama.

Miaka mitatu baadaye, Januari 1961, chama alichokiasisi kilitishia mgomo mwingine na kikomo kikafutwa. Johnny Haynes wa Fulham akaanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Mwaka 1963 mahakama iliukosoa mfumo wa kumbakiza mchezaji katika kesi ya George Eastham. Mwaka 1995 mahakama ya Ulaya, katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, iliamua kwamba mkataba ukiisha, umeisha. FIFA ilipobadili kanuni zake mwaka 2001, uhuru huo ukaenea duniani. Ndiyo maana leo mchezaji aliyemaliza mkataba Dar es Salaam anaweza kuvuka kwenda Nairobi, Kigali au Bujumbura bila klabu ya zamani kumdai bei, na anaweza kuanza mazungumzo katika miezi sita ya mwisho.

Vikomo havijafa. UEFA sasa inazitaka klabu zinazocheza mashindano yake zisizidishe asilimia 70 ya mapato katika mishahara, uhamisho na mawakala. Tofauti ni kwamba kipimo kinawekwa kwenye mfuko wa klabu, kulingana na inachoingiza. Bei ya mtu mmoja mmoja inabaki ya kujadiliana.

Mwaka huohuo wa 2001, chama cha wachezaji, Manchester United, Manchester City na chama cha soka cha Wales walichangia jiwe jipya la kaburi la Meredith. Miaka 43 baada ya kuzikwa, jina lake likaandikwa.