Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka wa 1932. Alipokuwa kijana aliiacha nchi ya kwao, akaja Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama yale ya Korogwe na Handeni. Baadaye akaenda Dar es Salaam, na huko, mwaka wa 1968, akaanza kuchora picha.

Hakuwa na vifaa vya thamani. Alitwaa vipande vya ubao mwembamba wa dari, na rangi za mafuta zipakwazo baiskeli. Basi, mtu autazamapo mwitu wa Handeni huona miti, miiba, nyasi, vilima na mawingu. Naye akitaka kuvitia vyote katika kipande kidogo cha ubao, mnyama hupotea humo. Tingatinga alijua kuchagua la kuacha. Mara nyingi aliacha vilima na mawingu, akaupaka ubao wote rangi moja, kisha akamchora chui mmoja, au tembo, hata akaujaza ubao. Lakini madoadoa ya chui na macho yake hakuyaacha, kwa kuwa hayo ndiyo yamtambulishayo. Mpita njia aliijua picha kwa mbali.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka minne hivi tu. Mwaka wa 1972 polisi walimpiga risasi kwa kukosea, akafa. Lakini vijana aliowafundisha waliushika uchoraji wake, na hata leo picha za namna hiyo huitwa kwa jina lake, Tingatinga.