Mathias Mnyampala na Ushairi wa Jukwaani Shuleni

Wahakiki wanapomtaja Mathias E. Mnyampala, aghalabu humtaja kwa sababu ya ngonjera, na wengi wao huishia hapo. Mshairi huyo alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, Dodoma, mbali na mwambao ambako ushairi wa Kiswahili ulikuwa umestawi kwa karne kadhaa. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo, na dini yake ilikuwa ya Kikatoliki. Kwa hiyo Kiswahili na bahari zake za ushairi vilikuwa kwake mali ya kujifunza, wala si urithi wa nyumbani.

Alitumikia serikali akiwa karani, na baadaye akawa hakimu. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka huohuo Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na Mnyampala alikuwa miongoni mwa walioheshimu mno vina na mizani. Diwani yake ilitoka mwaka 1963, na Waadhi wa Ushairi ukafuata mwaka 1965. Katika Utenzi wa Enjili Takatifu alichukua umbo lililolelewa kwa muda mrefu na visa vya Kiislamu, akalitia habari za Kristo. Huo ulikuwa ujasiri ambao haujathaminiwa ipasavyo: mtu wa bara alidai kwa vitendo kuwa bahari za pwani ni za kila asemaye Kiswahili.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Nyerere aliwataka washairi, mwaka 1968, waieneze siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mnyampala, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama cha washairi, UKUTA, aliitikia wito huo kwa ngonjera. Malumbano ya kishairi yalikuwako tangu zamani; mshairi mmoja aliuliza, mwingine akajibu, kwa ubeti au kwa barua gazetini. Alichofanya Mnyampala ni kuyaondoa malumbano hayo gazetini na kuyapa miili ya wasemaji. Mjinga husimama mbele ya mjuzi, mvivu mbele ya mchapakazi, nao hujibizana kwa beti zilizohifadhiwa moyoni, pamoja na ishara za mikono na uso.

Shule ndizo zilizoipokea sanaa hiyo kwa mikono miwili. Haikuhitaji mavazi ya gharama wala jukwaa la kujengwa. Uwanja wa gwaride ulitosha. Kina humkumbusha mghani neno linalofuata, na mizani humzuia asipotee. Mathalani, neno mtu lina mizani mbili, kwa kuwa m hiyo ni silabi kamili. Mwanafunzi anayeghani kwa haraka akaimeza, mshororo huchechemea na kila msikilizaji huhisi. Ni shaka kama somo la fonolojia darasani limewahi kulifundisha jambo hilo vizuri zaidi ya mashindano ya kughani. Aidha, katika shule za sekondari, ambako masomo mengi yalifundishwa kwa Kiingereza, jukwaa la ngonjera lilikuwa mahali pachache ambapo kijana alisifiwa hadharani kwa ufasaha wa Kiswahili.

Hata hivyo, kuna kasoro isiyoweza kufichwa. Hakimu huyu, ambaye kazini alipaswa kusikiliza pande mbili kabla ya kuamua, alitunga mabishano ambayo hukumu yake imekwisha kutolewa kabla ya ubeti wa kwanza. Mpinzani huingia ili ashindwe, na mwisho huongoka. Wanafunzi waliokariri beti hizo mbele ya viongozi walitoa sauti zao, lakini hoja haikuwa yao. Wanaoziita ngonjera kasuku za kisiasa wana ushahidi wa kutosha. Wanachosahau ni kwamba umbo na matumizi yake si kitu kimoja: malumbano yanayoruhusu upande wa pili kuwa na nguvu bado yangekuwa ngonjera.

Mnyampala hakupata nafasi ya kujibu. Alifariki mwaka 1969. Ngonjera za Ukuta, kitabu cha kwanza, kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971, vyote baada ya kifo chake. Mjadala mkali wa miaka ya 1970 juu ya mashairi huru, uliochochewa na Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, ulimkuta hayupo, ingawa msimamo wake juu ya vina unaweza kusomwa katika kila ukurasa aliouacha. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya Arusha, na mada za ngonjera shuleni zikabadilika: UKIMWI, rushwa, utunzaji wa mazingira. Mjinga na mjuzi walibaki palepale, wakitazamana.